UMEME WA PIKAPU KUUKUU
Jinsi ya kutafuta kasoro kabla ya kununua kifaa kipya

Maneno haya yameandikwa kwa ajili ya wakulima wenye mashamba madogo, ambao mazao yao hufika sokoni kwa pikapu iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi. Huenda gari ni mali ya mkulima mmoja, huenda ni la chama, au ni la jirani alikodishaye wakati wa mavuno. Lolote liwalo, yafaa mkulima alijue gari hilo kama ajuavyo ng'ombe wake. Maana siku ya soko, gari likikataa kuwaka, hasara haimpati mwenye gari peke yake. Nyanya zilizochumwa jana jioni Ilula, kabichi zilizokatwa Kinangop, na mboga zilizofungwa matenga Lushoto, zote hazimngoji fundi.

Katika mambo yote yanayosimamisha pikapu kuukuu, umeme ndio unaowatisha watu zaidi, kwa sababu hauonekani. Mafuta yakivuja, utaona doa chini ya gari. Mpira ukipasuka, utausikia. Lakini umeme ukipotea, mwenye gari hubaki akikisia, na kukisia ni ghali. Atanunua betri mpya, na gari litakataa. Atanunua alteneta, na gari litakataa vile vile. Mwisho atakuja fundi mwenye saburi, akaze nati moja iliyolegea, na gari liwake.

Basi neno kubwa la karatasi hii ni hili: katika gari la zamani, kagua kwanza viungo na nyaya, ambamo kasoro nyingi hujificha, ndipo uvitazame vifaa vikubwa. Fuata njia ya umeme hatua kwa hatua, na fedha usiitoe mfukoni mpaka umekwisha kuijua kasoro.

Kwa mfano tutatumia gari linalojulikana sana katika barabara zetu mbovu, yaani Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Pikapu nyingi za aina hii zina injini ya dizeli iitwayo 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita 4,164, ambayo ilianza mwaka 1990. Hata hivyo, mengi yatakayosemwa hapa yafaa kwa pikapu yoyote ya kazi nzito iliyokwisha kuzeeka.

I. NJIA YA UMEME GARINI

Umeme hutoka katika betri, hupita katika waya, hufanya kazi katika taa au stata, kisha sharti urudi katika betri. Ni kama mnyororo wa baiskeli: ukikatika mahali popote, juu au chini, gurudumu halizunguki.

Katika kwenda, njia ya umeme ni waya uliofunikwa mpira. Katika kurudi, watengenezaji hawakuweka waya mrefu kwa kila taa. Walitumia chuma cha gari lenyewe, yaani injini, chasisi na bodi. Waya mnene hutoka ncha hasi ya betri hadi injini, na nyaya nyingine huunganisha injini, chasisi na bodi. Njia hii ya kurudi mafundi huiita athi. Katika gari jipya chuma ni safi, na umeme hurudi bila taabu. Katika gari lenye miaka 20 au 30, kutu imekula chuma, matope yamejaa katika bolti, na pengine mtu amepaka rangi juu ya mahali palipopaswa kuwa chuma kitupu. Hapo umeme hurudi kwa shida, au haurudi kabisa.

Tena jueni kwamba kibanda cha dereva hukaa juu ya vipande vya mpira ili kupunguza mtikisiko, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo waya wa athi wa kibanda ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo za chuma za breki ya mkono au za mafuta, zikapata moto na kuharibika. Waya huo ni mwembamba na watu wengi hawaujui, lakini kazi yake ni kubwa.

Wako wasemao kwamba injini ya dizeli haihitaji umeme. Maneno hayo ni kweli nusu tu. Dizeli haina plagi za cheche, lakini injini ya 1HZ, kama nyingine nyingi, ina valvu ndogo ya umeme juu ya pampu ya dizeli. Ukifungua swichi, valvu hufunguka na mafuta hupita. Ukifunga swichi, valvu hufunga na injini huzimika. Waya wa valvu hiyo ukikatika au fyuzi yake ikiungua, injini itazimika barabarani kama kwamba tangi limekauka. Ndiyo sababu pia gari ambalo betri yake imekufa kabisa laweza kusukumwa na vijana kumi wala lisiwake.

II. KWA NINI KIUNGO KIDOGO HUSIMAMISHA GARI KUBWA

Mtu huwasha taa za mbele, akaona zinang'aa, akasema, "Betri nzima na nyaya nzima, bila shaka stata imekufa." Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini shauri hilo si sahihi.

Taa kubwa moja ya wati 60 katika gari la volti 12 hutumia ampea 5. Stata ya injini kubwa ya dizeli yaweza kuvuta ampea 300 au zaidi kwa nukta chache. Sasa tuseme kiungo cha waya kimeingia kutu kidogo, kikawa na ukinzani wa omu 0.01. Kwa kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, volti zinazopotea katika kiungo ni ampea zikizidishwa kwa omu. Kwa taa: 5 mara 0.01 ni volti 0.05, nalo si kitu, taa itang'aa. Kwa stata: 300 mara 0.01 ni volti 3. Betri inatoa volti 12, kiungo kinakula 3, stata inabakiwa na 9 au pungufu, kwani betri yenyewe hushuka kidogo ikibebeshwa mzigo. Stata itazunguka kwa uchovu, au itatoa mlio mmoja tu na kunyamaza.

Basi taa kung'aa hakuthibitishi kwamba njia ya stata ni nzima. Kiungo hupimwa kikiwa na mzigo, kama vile nguvu ya kamba isivyojulikana mpaka ifungwe ng'ombe.

Kipimo cha umeme, ambacho mafundi hukiita mita, ni chombo kidogo, na bei yake ni ndogo kuliko ya betri. Chama chenye gari hakikosi kufaidika kikinunua kimoja. Ili kupima athi ya injini, weka mita katika volti za betri. Ncha moja igusishe kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile ya risasi, si kwenye kibano cha waya. Ncha ya pili igusishe kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako azungushe stata. Mita ikionyesha chini ya volti 0.5, athi yafaa. Ikionyesha volti 1 au zaidi, kasoro umeipata. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, toka kichwa cha betri hadi bolti kubwa ya stata.

Asiye na mita ana mkono wake. Baada ya kuzungusha stata kwa nukta chache, gusa kwa uangalifu kila kiungo cha nyaya nene. Kiungo kilichopata moto ndicho kinachokula umeme.

III. BETRI

Betri iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, ikionyesha volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikionyesha 12.2, imebaki kama nusu. Ikishuka hadi 11.9 au chini yake, haina kitu. Betri isiachwe tupu kwa majuma, maana ndani yake hutokea chumvi ngumu juu ya bamba za risasi, na bamba zilizofunikwa hivyo hazipokei tena chaji vizuri. Betri nyingi zinazosemwa kuwa zimezeeka, kwa kweli zimeuawa kwa kuachwa tupu.

Angalia vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, hiyo ni tindikali iliyokula chuma. Fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya; na wakati wa kufunga, anza na chanya, umalize na hasi. Sababu yake ni kwamba spana ikigusa bodi wakati waya wa hasi ungali umefungwa, itatoa cheche kubwa na kuweza kukuunguza. Futa unga kwa maji yaliyotiwa magadi soda, suuza kwa maji safi, kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, funga kwa nguvu ya kutosha, kisha paka grisi kidogo kwa juu. Grisi isipakwe kabla ya kukaza.

Kama betri ina vifuniko, angalia kwamba maji yamefunika bamba. Yakipungua, ongeza maji ya betri yasiyo na madini. Maji ya kisima yana chumvi, nayo huiharibu. Tindikali usiiongeze, ila kama betri ilimwagika. Tena betri ifungwe imara mahali pake. Betri inayorukaruka katika barabara ya mashimo huvunjika bamba ndani, na jambo hilo hutokea sana katika pikapu za shamba.

Kabla ya kuunganisha gari moja na jingine kwa nyaya ili kuliwasha, jua volti za kila gari. Land Cruiser nyingine zina betri mbili zilizofungwa sambamba, nazo ni za volti 12. Nyingine zina betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo, nazo ni za volti 24. Ukiunganisha volti 24 na gari la volti 12, utaunguza vitu vyake. Kadhalika Land Rover za zamani, zilizotengenezwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1960, zilikuwa na waya wa chanya uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya sasa. Usiamini rangi za nyaya peke yake. Soma alama za betri.

IV. ALTENETA

Alteneta huzungushwa na injini kwa mkanda, nayo hurudisha katika betri umeme uliotumika. Kuipima ni rahisi. Washa injini, ipandishe mwendo kidogo, kisha pima volti katika vichwa vya betri. Katika gari la volti 12, mita yapasa ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12.5 au kupungua, betri haichajiwi. Ikipita 15, betri inachemshwa: maji yatapungua upesi, utasikia harufu kali, na taa zitaungua mara kwa mara. Katika gari la volti 24, zidisha hesabu hizi kwa mbili.

Kama haichaji, usiseme mara moja kwamba alteneta imekufa. Tazama mkanda: je, umelegea au unateleza? Tazama waya mnene utokao nyuma ya alteneta: je, nati yake imekazwa? Tazama plagi ndogo ya nyaya: je, imeingia matope? Tena fungua swichi bila kuwasha injini, uangalie taa nyekundu ya betri iliyo mbele ya dereva. Sharti iwake. Katika alteneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita katika taa hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kazi. Balbu hiyo ikiungua, alteneta nzima yaweza kukaa bila kuchaji. Hayo yote yakiwa sawa, fundi aangalie kaboni za alteneta. Ni vipande vidogo vinavyosuguliwa kila siku mpaka vinakuwa vifupi, na vyaweza kubadilishwa bila kununua alteneta mpya.

Katika injini ya 1HZ liko jambo la kuangaliwa sana. Nyuma ya alteneta imefungwa pampu ndogo inayonyonya hewa, nayo ndiyo inayousaidia mguu wa dereva katika breki. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichakaa, oili huingia ndani ya alteneta, huchafua kaboni, na gari huacha kuchaji. Mtu akibadili kaboni bila kubadili sili, baada ya muda atarudi pale pale. Tena mtu asidanganyike kuondoa alteneta na kuendesha gari kwa betri iliyochajiwa mjini. Kukosa alteneta hapo ni kukosa msaada wa breki. Kanyagio litakuwa gumu kama jiwe, na gari lenye magunia 20 ya viazi katika mteremko halisimami kwa mguu wa mtu.

Ziko desturi mbili mbaya zinazoua alteneta. Ya kwanza ni kufungua waya wa betri injini ikiunguruma, ati kujaribu kama alteneta inachaji. Volti huruka juu ghafula, na vipande vidogo vinavyogeuza umeme ndani ya alteneta, viitwavyo dayodi, huungua. Mita hufanya jaribio hilo bila madhara. Ya pili ni kuchomelea vyuma vya bodi bila kufungua nyaya za betri. Mkulima akitaka kuongezewa vyuma vya kuzuia magunia, kwanza afungue nyaya za betri, na za alteneta pia, tena waya wa kurudi wa mashine ya kuchomelea ubanwe karibu na mahali panapochomelewa.

V. STATA

Ukizungusha ufunguo ukasikia mlio mmoja, "tak!", na injini haizunguki, kumbuka sababu tatu, uziangalie kwa mpango huu. Kwanza betri haina nguvu. Washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia mpaka karibu kuzimika, tafuta kasoro katika betri au vichwa vyake. Pili viungo vya nyaya nene. Vipime kama ilivyoelezwa. Tatu, kama taa hazififii hata kidogo na mlio wasikika, huenda kasoro imo katika swichi kubwa ya stata yenyewe.

Swichi hiyo katika stata za Toyota ina vipande viwili vya shaba nyekundu, na kisahani cha shaba kinachoviunganisha kila uwashapo gari. Kila mguso huacha cheche, na cheche hula shaba kidogo kidogo. Baada ya miaka, upande mmoja huisha, kisahani hakigusi sawasawa, na gari huwaka leo na kukataa kesho. Mwenye gari huhubiri kwamba gari lina mashetani, wala hakuna shetani; ni shaba iliyolika. Fundi hodari aweza kufungua stata, kubadili vipande hivyo na kisahani chake, na stata ikafanya kazi miaka mingine. Basi ukiambiwa, "Nunua stata nyingine," uliza kwanza, "Je, shaba za ndani umeziona?"

Asubuhi za baridi katika nchi za milima, injini ikizunguka vizuri lakini haiwaki, au inatoa moshi mweupe mwingi, kumbuka hita plagi. Hizi hupasha moto chumba cha kuwashia dizeli. Fungua swichi, ngoja taa ya hita izimike, ndipo uzungushe stata. Stata isizungushwe zaidi ya nukta 10 kwa mara moja. Ipumzishe kama nusu dakika au zaidi, kwani moto huiunguza, na betri pia huhitaji pumzi.

VI. NYAYA, FYUZI NA TAA

Gari la shamba lina maadui ambao gari la mjini halina. Wa kwanza ni mbolea. Chumvi za mbolea za viwandani huvuta unyevu wa hewa, na zikimwagika katika sakafu ya pikapu hupenya chini mpaka katika nyaya na chasisi, zikala shaba na chuma. Mkojo wa mifugo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo baada ya kubeba mbolea, samadi au ng'ombe, osha sakafu na sehemu za chini kwa maji mengi siku ile ile. Lakini usielekeze maji ya nguvu kwenye alteneta wala kwenye kisanduku cha fyuzi.

Adui wa pili ni panya. Gari likilazwa karibu na ghala la mahindi, panya hupanda ndani ya injini kutafuta joto, nao hutafuna nyaya. Lililokaa siku kadhaa lifunguliwe boneti kabla ya kuwashwa. Adui wa tatu ni mtikisiko, ambao husugua waya juu ya ncha ya chuma mpaka mpira unaisha na shaba inagusa bodi. Tazama hasa mahali nyaya zinapopita katika tundu la chuma, na pale zinapopinda chini ya sakafu.

Fyuzi ni mlinzi. Imewekwa iungue yenyewe ili waya usiungue. Fyuzi za bamba hujulikana kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30. Ikiungua, weka nyingine ya kadiri ile ile. Ikiungua tena, sababu ipo, itafute. Mtu anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango. Waya utapata moto nyuma ya dashibodi, na gari laweza kuteketea pamoja na mzigo, hata pamoja na watu waliolala ndani yake wakingoja soko lipambazuke.

Taa za nyuma zina dalili yake. Ukikanyaga breki na taa ya kugeukia ikawaka kidogo, au ukiwasha taa ndogo na taa ya breki ikafifia, usibadili balbu. Athi ya taa hiyo imekatika, na umeme unarudi kwa kupitia taa ya jirani. Fungua bolti ya waya wa athi, sugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga tena, upake grisi. Kazi hiyo ni ya robo saa, nayo huokoa watu. Maana gari lisilo na taa nyuma, limesimama usiku kando ya barabara, limekwisha kuua wengi.

Mwisho, vitu vilivyoongezwa. Redio, taa za ziada na honi kubwa mara nyingi hufungwa kwa kuchuna waya uliopo na kuzungushia utepe. Kila kitu cha namna hiyo kiwe na fyuzi yake karibu na betri. Kumbuka pia umeme unaovuja usiku. Balbu ya wati 5 iliyosahauliwa hutumia kama ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa usiku na mchana. Betri ya ampea-saa 70 haitakwisha kwa siku moja, lakini baada ya siku 3 au 4 haitakuwa na nguvu ya kuzungusha dizeli kubwa. Gari likilala Ijumaa likiwa zima na kuamka Jumanne likiwa limekufa, tafuta uvujaji huo kabla ya kuilaumu betri.

VII. MPANGO WA KUFUATA GARI LIKIKATAA

1. Usianze kufungua kitu. Sikiliza na utazame: je, taa zawaka? Je, stata yatoa mlio? Je, injini yazunguka?
2. Hakuna taa wala mlio: tikisa vibano vya betri, tazama nyaya za athi na fyuzi kubwa iliyo karibu na betri.
3. Taa zafifia ukizungusha ufunguo: betri ni tupu au vichwa vyake ni vichafu. Safisha, kaza, jaribu tena.
4. Taa hazififii, mlio mmoja wasikika: angalia waya mnene wa stata, athi ya injini, kisha shaba za ndani.
5. Injini yazunguka upesi lakini haiwaki: angalia fyuzi na waya wa valvu ya pampu, hita plagi, kisha dizeli yenyewe.
6. Gari limewaka: pima chaji kabla ya kuondoka. Gari lililowashwa kwa betri ya jirani wala halichaji litakuacha njiani.

Katika kuwasha kwa betri ya gari jingine, unganisha chanya na chanya, kisha hasi ya betri nzima na chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake. Betri inayochajiwa hutoa gesi iwakayo kama baruti. Kwa hiyo sigara na kibatari visikaribie. Tindikali ikiruka machoni, osha kwa maji mengi mfululizo, kisha mpeleke mtu hospitali. Betri iliyokufa isitupwe shambani wala karibu na kisima, kwa maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mrudishie muuzaji, risasi yake ina thamani.

VIII. DESTURI NJEMA

Kila juma, fungua boneti: tazama mkanda, vichwa vya betri, na maji yake. Kila mwezi, pima volti za betri asubuhi kabla ya kuwasha, na volti za chaji baada ya kuwasha, uziandike katika daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo litakuonya mapema. Betri iliyokuwa 12.6 mwezi wa kwanza, ikawa 12.4 mwezi wa pili na 12.2 mwezi wa tatu, imekupa habari kabla ya siku ya soko. Kila mwaka, kabla ya mavuno, fungua, sugua na kaza kila kiungo cha nyaya nene na cha athi. Kazi hiyo yahitaji spana, msasa, grisi na nusu siku.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayesugua kiungo cha waya leo kwa kipande cha msasa ameziba ufa wake. Asiyefanya hivyo atajenga ukuta siku ambayo nyanya zimekwisha kupakiwa, mnunuzi anangoja mjini, na jua linapanda.